Manati Mbele ya Watu

Mara ya kwanza niliposhindana kulenga kwa manati mbele ya watu, nilipiga kipaza sauti cha mwamuzi. Makopo matano ya nyanya yalikuwa yananing'inia kwenye kamba mbele yangu, mekundu, hatua ishirini tu, na mwamuzi alikuwa amesimama pembeni kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kupeleka jiwe. Langu lilimfuata huko huko. Liligonga kile kipaza sauti alichokishika karibu na mdomo, kikalia kama kengele ya shule, na uwanja mzima wa mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, ukavunjika mbavu.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wanne, muuza vitenge sokoni, mtandio nimeufunga vizuri kichwani kama mtu anayekwenda arusini. Nilicheka pamoja nao, maana ningefanya nini? Lakini mikono ilikuwa baridi, mdomo mkavu kama nimekula majivu, na yale makopo niliyaona madogo kama vifungo vya shati. Nilirusha mawe yangu manne mengine haraka haraka ili mambo yaishe. Hakuna kopo lililotikisika. Nikatoka uwanjani nikipunga mkono kama mshindi, na nilipofika nyuma ya ukuta wa shule nikakaa chini, nikashika uso.

Kilichoniuma ni kwamba nilijua kulenga. Bibi yangu alikuwa na shamba la mpunga bondeni, nyuma ya mji, na kila mpunga ulipoanza kubeba sisi wajukuu tulipelekwa kuamia ndege. Wenzangu walipiga madebe na kupiga kelele. Mimi nilipewa manati: kijiti cha mpera chenye panda, mipira miwili iliyokatwa kutoka tairi ya ndani ya baiskeli, na kipande cha ngozi cha kushikia jiwe. Nilikaa juu ya kichuguu toka asubuhi mpaka jua linapoelekea milima ya Ubwari ng'ambo ya maji... hapana, nakosea, Ubwari iko upande jua linakotokea. Ni milima ya juu kwa wafugaji ndiyo inayomeza jua. Ona nilivyo. Nilikaa huko siku nzima, nikilenga majani, nikilenga shina la mpunga mmoja katikati ya mia, na sikumbuki hata siku moja mkono wangu kutetemeka. Ndege hawakunitazama kwa namna ya kunipima.

Nikakua, nikaolewa, manati nikaisahau. Ilirudi mkononi mwangu sokoni, kwa ajili ya kunguru. Jirani yangu wa meza ni mama anayeuza samaki, mwanamke mwenye sauti ambayo ukiwa kijiji cha Swima unaweza kuisikia akiwa Baraka, au ndivyo tunavyomtania. Siku moja kunguru alimnyakua samaki wake na kutua naye juu ya bati la duka la baiskeli. Mama wa samaki akalia kama amefiwa. Fundi wa baiskeli alikuwa na manati imening'inia kwenye msumari. Nikaichukua bila kufikiri, nikaokota kokoto, nikavuta. Sikulenga kunguru, nililenga samaki. Samaki akaanguka, kunguru akaruka mdomo wazi, na wamama wa soko wakapiga vigelegele mpaka askari wa barabarani akaja kuuliza nini kimetokea.

Kumbe wakati huohuo mwalimu mmoja wa mazoezi ya mwili alikuwa ameanzisha mashindano ya manati kwenye uwanja wa mpira, na mwamuzi alikuwa yeye mwenyewe. Watu walihitaji kitu cha kutazama Jumamosi. Hakuna aliyetaka mchezo wa bunduki. Milio ya bunduki tumeisikia ya kutosha katika nchi hii na haichekeshi mtu. Lakini manati kila mmoja aliishika utotoni, Mbembe, Mnyamulenge wa milimani, mtu wa ziwani, wote. Tulilenga kwa vidonge vya udongo vilivyofinyangwa na kukaushwa juani, ukubwa wa njugu mawe, visije vikamuumiza mtu vibaya. Tuliviita mawe tu. Kila mshindani alipewa mawe matano kwa makopo matano. Mama wa samaki alinipeleka kwa mwalimu huyo akinishika mkono kama mtoto anayeandikishwa shule.

"Andika huyu," akasema. "Huyu anaangusha samaki toka mudomo ya kunguru."

Baada ya aibu ya kipaza sauti, mume wangu alinikuta jikoni nikikatakata sombe, majani ya muhogo, kwa hasira. Yeye ni fundi wa mashine za boti, mtu wa maneno machache, mikono yake haiachi kunuka mafuta hata akioga mara tatu. Alikuwa uwanjani siku hiyo. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Mama batoto," akasema, "mukono yako haina kosa. Nilikuwa naitazama. Ilikuwa inajua kazi."

"Sasa ni nini imekosa?"

"Kichwa. Kichwa ilifika mu uwanja mbele ya mukono, ikaanza kupiga kelele."

Nilimrushia jani la muhogo. Lakini alikuwa amesema kweli, na mimi nikaanza kukitafutia hicho kichwa dawa. Mashindano ya pili sikula chochote tangu asubuhi, nikidhani tumbo jepesi litanipa mkono mwepesi. Nikaona kizunguzungu na kopo moja nikaliona mawili. Nikapiga katikati yao. Mashindano ya tatu niliamua kwamba shida ni kelele za watu, nikaziba masikio kwa pamba chini ya mtandio. Sikusikia mwamuzi akisema tayari. Nikarusha kabla ya wakati, na hilo likawa kopo langu la kwanza kuliangusha mbele ya watu, na halikuhesabiwa. Mwamuzi alinisogelea akapaza sauti maneno ambayo sikuyasikia hata moja, nami nikamjibu "Aksanti sana, mwalimu," nikidhani ananipongeza.

Kuanzia siku hiyo mwalimu yule alivaa kofia ya pikipiki kila zamu yangu ilipofika. Alikuwa anaiazima kwa dereva yeyote wa pikipiki aliye karibu, anaivaa taratibu, anaifunga kidevuni, halafu ndipo anasema, "Mama wa vitenge, karibu." Uwanja ulikuwa unasubiri hiyo kofia kuliko mashindano yenyewe. Nami nilisimama pale, nikicheka kwa meno, huku moyo unapiga kama mashine ya boti iliyokosa maji.

Ndipo akaja mwanamke wa Lusenda.

Alikuwa Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya huko, mrefu, wa umri wangu, mwenye kuuza maparachichi Baraka siku za soko. Sikuwa namjua zaidi ya kumwona akipita na kapu lake. Jumamosi hiyo alijiandikisha, akaweka kapu chini, akasimama mbele ya kamba katika kitenge chake kirefu cha kijani. Akapiga la kwanza. Akatulia. Akapiga la pili. Alikuwa na mwendo wa mtu anayekoroga ugali wa watu wengi, hana haraka, hachelewi. Makopo matano yakaanguka yote, na yeye akachukua kapu lake akaenda zake kumalizia maparachichi, hakungoja hata kushangiliwa.

Nilisikia wivu, sitaficha. Nilisema moyoni kwamba mtu huyu ameumbwa bila woga, Mungu amemnyima wake akaniongezea mimi. Siku ya soko iliyofuata nilimfuata pale alipokuwa amekaa, nikajifanya nabonyeza maparachichi.

"Hilo halijaiva, mama," akaniambia. "Umelibonyeza mara tatu."

Nikaona haya. Nikakaa juu ya debe lililopinduliwa mbele yake.

"Dada, nataka kukuuliza. Weye, ukisimama mbele ya bantu vile, juu ya nini hauogope?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini hana mkia. Halafu akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Nani alikwambia siogopi? Magoti yangu yanacheza ngoma. Kwa nini unadhani ninavaa kitenge kirefu hivi?" Akainama karibu. "Siku ile, kopo la nne, mguu wa kushoto ulitetemeka mpaka kiatu kikataka kutoka. Mungu ni shahidi."

"Lakini ulipiga yote."

"Magoti hayashiki manati."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Kwa miezi yote nilikuwa napigana na kutetemeka, nikitaka kwanza kuishe ndipo nilenge, na kwa kuwa hakukuisha nililenga nikiwa ninapigana, mtu mmoja na vita viwili. Huyu mwenzangu aliyaacha magoti yatetemeke huko chini, akaendelea na kazi huku juu.

Akanieleza anavyofanya, tukiwa tumekaa hapo na wateja wanapita. Aliokota kokoto akanionyesha. Kabla ya kuvuta, analizungusha jiwe kwa kidole gumba mpaka apate mahali penye mkwaruzo, hapo anajua jiwe liko mkononi mwake na yeye yuko hapo lilipo. Halafu anapumua nje, si ndani, nje, mpaka tumbo liwe tupu, kwa sababu mtu mwenye woga amejaa pumzi kama puto. Na hatazami kopo.

"Unatazama nini basi?"

"Kopo ni kubwa sana, macho yanatembea juu yake. Mimi nachagua herufi moja ya yale maandishi. Ninapiga hiyo herufi."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, jiwe limekwenda. Nitalifuata? Ninaokota lingine, ninatafuta mkwaruzo."

Nilinunua maparachichi sita nisiyoyahitaji na kurudi kwenye meza yangu. Siku hiyo niliwapimia wateja vitenge huku nikichagua herufi kwenye kila kibao cha soko.

Lakini kuelewa jambo ukiwa umekaa juu ya debe ni kitu kimoja, kulifanya uwanjani ni kingine. Nyuma ya soko letu kuna uwazi mdogo kati ya ukuta na mahali tunapotupa maganda, na hapo nilianza kufanya mazoezi saa za mchana wateja wanapopungua. Peke yangu nilipiga kila kitu: kifuniko cha soda, ganda la ndizi lililokaa juu ya ukuta, herufi ya mwisho ya neno lililochorwa pale kukataza watu kukojoa. Peke yangu nilikuwa yule mtoto wa juu ya kichuguu. Mwanamke wa Lusenda alinitazama mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii haikusaidii," akasema. "Hapa hakuna mtu wa kukutisha."

Mama wa samaki alikuwa anasikia. Akainuka toka kwenye meza yake, mikono bado ina magamba.

"Kama ni bantu banatafutwa," akasema, "mi niko."

Na kuanzia siku hiyo, kila nilipokwenda nyuma ya soko, nusu ya wamama walinifuata, na kazi yao ilikuwa kunivuruga. Wallahi walikuwa na kipaji. Walikaa juu ya magunia nyuma yangu na mara tu nilipovuta mpira mmoja wao alipaza sauti.

"Bwana yako anaoa mwingine leo ku Ubwari! Banapika pilau!"

Kopo likabaki limetulia. Wakashangilia kukosa kwangu kuliko ambavyo mtu yeyote amewahi kunishangilia.

"Moto! Moto inaunguza nyumba yako!"

"Vitenge vyako vyote panya bameiba, na banavaa!"

Hilo la panya lilitoka kwa mama wa samaki na lilinimaliza. Nilicheka nikashindwa kuvuta, nikakaa chini juu ya maganda. Siku za kwanza nilikasirika kweli, hata nikamwambia mwuza chumvi mmoja maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Lakini taratibu nikaona jambo. Kile kicheko chao kilikuwa kilekile cha uwanjani, kicheko cha siku ya kipaza sauti, na mimi nilikuwa nimeishi miezi nikikiogopa kama fimbo. Sasa nilikuwa ninakisikia kila mchana, kutoka kwa watu walioniazima chumvi na kunishikia meza nilipojifungua. Hakikuwa kinataka kunimeza. Walikuwa wanafurahi tu, na sababu ya furaha yao nilikuwa mimi. Mtu anaweza kuwa na kazi mbaya zaidi ya hiyo.

Nikajifunza kutafuta mkwaruzo wa jiwe huku mume wangu anaoa mwingine. Nikajifunza kupumua nje huku nyumba inaungua. Mchana mmoja walikuwa wamefikia kuimba, wimbo mzima waliotunga kuhusu mimi na mwamuzi na kofia yake, wanapiga makofi, na mimi nikaangusha makopo matano bila kuharakisha hata moja. Wimbo ukakatika katikati. Mwanamke wa Lusenda, aliyekuwa amesimama na kapu kichwani, alisema kwa upole, "Sasa twende Fizi."

Maana Fizi ndiko kulikopangwa mashindano makubwa, ya kukutanisha washindani wa Baraka, Lusenda, Swima, Ubwari na wenyeji wa Fizi kwenyewe. Tulipanda lori asubuhi, sisi na mume wangu na wamama wa soko na magunia ya mtu mwingine ambaye hatukumjua. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tulipofika kwenye mlima lori likakwama matopeni mara mbili na tukashuka kusukuma, vitenge vimekunjwa magotini, tukiimba ule wimbo wa mwamuzi, naye mwamuzi yumo, anasukuma pamoja nasi akiwa ameshika kofia ya pikipiki kwapani. Safari hii alikuwa amenunua ya kwake.

Fizi kuna ubaridi unaousahau ukikaa ziwani. Niliposhuka na kuona umati uliozunguka uwanja wa shule, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga lori. Yote niliyojifunza nikayasahau kwa mpigo mmoja. Nilimshika mwanamke wa Lusenda mkono.

"Dada, imerudi. Natetemeka toka kwenye meno."

Akainua pindo la kitenge chake kidogo tu, kwa siri, nikaona goti lake. Lilikuwa linaruka kama samaki kwenye ngalawa. Tukatazamana tukacheka, wanawake wawili wazima, tumesimama matopeni tukionyeshana magoti.

Kulikuwa na mtu mmoja wa Ubwari ambaye kila mmoja alimzungumzia. Mvuvi, mpana wa mabega, mpole wa sura, na alikuwa amekuja na watu wake kwa boti halafu kwa lori, wote wamevaa shati za rangi moja. Alikuwa hajakosa kopo tangu asubuhi. Alipokuwa akilenga, watu wake walinyamaza kimya, hata mtoto mgongoni alinyamazishwa, na yeye alifunga macho kidogo kama anayeomba, akafungua, akapiga. Ulikuwa ufundi mzuri kuutazama.

Mimi nilianza vibaya. Kopo la kwanza nilikosa. Nikalisikia jiwe likipita, na ile sauti ya zamani ikaanza kichwani: unaona, wewe ni wa kunguru tu. Nikaokota lingine. Nikalizungusha chini ya kidole gumba nikasubiri mkwaruzo, na ulipokuja nikaushukuru kama mtu. Yaliyobaki manne nikayaangusha. Nikapita raundi ile kwa shida, iliyofuata kwa shida kidogo, na kufikia saa za alasiri tulikuwa tumebaki watatu: mvuvi, mwanamke wa Lusenda, na mimi.

Rafiki yangu alitolewa na upepo. Ulishuka toka mlimani ghafla wakati jiwe lake liko hewani, kopo likayumba pembeni, jiwe likapita pale lilipokuwa. Alilitazama kidogo, akapiga makofi mara moja kama anayekung'uta unga, akaja kukaa upande wangu.

"Jiwe limekwenda," akasema. "Leta mkoba wako nikushikie."

Tukabaki wawili. Sheria ilikuwa kopo moja moja. Kila mmoja anapiga, kisha mnarudi nyuma hatua moja, mpaka mmoja akose na mwenzake apate. Nikapiga, akapiga. Tukarudi nyuma. Nikapiga, akapiga. Makopo sasa yalikuwa mbali, herufi sikuziona tena, nikachagua mahali ambapo jua lilikuwa linang'aa kwenye ukingo wa bati. Mara ya tatu, ya nne. Tulipofika hatua ya tano mguu wangu wa kulia ulianza. Haikuwa kutetemeka kwa siri. Kiatu changu kilikuwa kinagonga kokoto, ka-ka-ka-ka, na uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba kila mmoja alikisikia. Kwa sababu ya heshima, watu wa Fizi walikuwa wamenyamaza, na watu wa Ubwari, na hata wamama wangu wa soko, wote wamenyamaza kunisaidia.

Huo ukimya ulikuwa mzito kuliko gunia. Nikashusha manati.

"Mwamuzi," nikasema, na sauti yangu ikasikika uwanja mzima, "unisamehe. Natetemeka. Ngoja kidogo."

Mwamuzi akafungua kioo cha kofia yake. "Utetemeke, mama. Haina sheria ya kukataza."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha joto. Na katika kicheko hicho nikamsikia mama wa samaki akivuta pumzi. Nilimjua. Nilijua kinachokuja.

"Bwana yako anaoa mwingine leo!" akapaza. "Ngombe tatu bamechinja!"

Umati ukageuka kumtazama kwa mshangao. Mume wangu, aliyekuwa amesimama kati ya wamama hao, akainua mikono kuonyesha kwamba hajui lolote. Kisha wengine wakaanza wote pamoja, moto, nyumba, panya, mwuza chumvi akiwa na la kwake jipya kuhusu mama mkwe. Watu wa Ubwari walikasirika kwa niaba yangu. Mzee wao mmoja akasimama kusema kwamba ni aibu kumfanyia mshindani hivyo. Mwamuzi akaweka filimbi mdomoni.

"Ubaache, mwalimu!" nikamwambia. "Hawa ni bangu. Bila hawa sijue kulenga."

Kiatu kilikuwa bado kinagonga. Nikakiacha kigonge. Nikalizungusha jiwe, nikapata mkwaruzo, nikatoa pumzi yote mpaka tumbo likagusa mgongo, nikatazama ule mng'ao kwenye ukingo wa bati huku panya wamevaa vitenge vyangu na ng'ombe watatu wamechinjwa. Nikaachia. Kopo likaruka juu ya kamba, likajizungusha mara mbili, likabaki limelala juu yake kama nguo iliyoanikwa.

Sikumbuki nilifanya nini. Wananiambia niliruka. Ninachokumbuka ni mvuvi wa Ubwari akija kwenye mstari kwa zamu yake. Watu wake wakanyamaza kama kawaida. Wamama wangu nao wakanyamaza, kwa haki, maana hatukwenda Fizi kumwonea mtu. Yeye akasimama, akafunga macho, akafungua. Akashusha manati. Akageuka akawatazama wamama wa Baraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona jasho kwenye paji lake.

"Bamama," akasema, "na mimi munitukane basi. Hii kimya inaniua."

Uwanja ulicheka mpaka watu wakashikana. Mama wa samaki, ambaye huuza hata ndagala, dagaa wetu wadogo wa ziwani, hakungoja kuombwa mara mbili.

"We mvuvi! Ndagala bamekuja Ubwari bote, banakutafuta, banauliza: kako wapi kale kaoga kanakamata siye?"

Maskini yule baba. Hakuwa amefanya mazoezi. Alivuta mpira huku mabega yanaruka kwa kicheko, akajaribu kukunja uso, akashindwa, akaachia. Jiwe lilipita juu ya kamba, juu ya vichwa, juu ya paa la darasa, likaelekea mlimani, na mwamuzi akalifuata kwa macho, mkono juu ya kofia yake. Mvuvi alikaa chini pale pale matopeni, akicheka machozi yakimtoka. Alipoweza kuinuka alinijia, akanipa mikono miwili.

"Dada yangu," akasema, "miaka yote natetemeka mwenyewe mu boti, nafikiri ni ugonjwa. Nilikuwa nafunga macho ili bantu basione."

"Wengine banavaa kitenge murefu," nikamwambia, na rafiki yangu wa Lusenda akanifinya.

Zawadi ilikuwa sufuria kubwa, ya kupikia watu wa msibani au wa harusi, na tuliizindua kabla ya kuondoka. Wenyeji wa Fizi walileta unga wa muhogo na maharage, watu wa Ubwari wakafungua gunia la samaki wakavu waliokuja nao, na tukapika pale pale nyuma ya madarasa, wa ziwani na wa mlimani na wa kambini, mikono yote ikiingia kwenye sinia moja. Mvuvi alikaa kati ya wamama wa soko wakimfundisha matusi. Mume wangu alinisogezea kipande cha mkia wa samaki, ambacho ndicho anachopenda yeye. Aliniangalia nikila mpaka nikamaliza.

Miezi miwili baadaye tulishindana tena Swima, na nikatolewa raundi ya kwanza. Nilitafuta mkwaruzo, nikapumua, nikachagua herufi, na nikakosa mara tatu kati ya tano, kwa sababu siku nyingine mtu anakosa tu. Nikavua viatu, nikateremka mpaka ukingoni mwa ziwa na rafiki yangu, ambaye naye alikuwa ametolewa, tukanunua ndagala waliokaangwa sasa hivi, wamefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tukasikiliza kelele za uwanjani toka mbali tukijaribu kukisia nani anashinda. Maji yalikuwa yanatufikia vidoleni. Aliniuliza kama ninajua kuogelea, nikamwambia ninajua toka utotoni. Akasema yeye hajui, na kwamba siku nyingi amekuwa anatamani kujifunza, ila anaogopa watu watamcheka.

Nikamvuta mkono, tukaingia majini na vitenge vyetu.